Kiu ya Ambilikile

Askari wa langoni aliinua chupa ya Sekela kwenye mwanga, akaitikisa, akaifungua, akanusa.

"Nini hiki, mama?"

"Maji."

"Maji hayaingii Uwanjani."

"Najua."

"Kila mwaka unajua, na kila mwaka unakuja nayo."

Sekela Mwaisumo alitupa jicho nyuma. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Watu walikuwa wamejifunika vitenge na makoti kwa baridi ya Rungwe, na ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba mtu wa tano humwoni uso. Bibi kizee aliyekuwa nyuma yake alisogea mbele kwa mkongojo wake.

"Mwachie mwenzako, baba. Maji hayo, si gongo."

"Ingekuwa gongo, bibi, ningefumba jicho," askari akasema, na watu wa karibu wakacheka. "Maji ndiyo siwezi. Utayachukua ukitoka, mama."

Akaiweka chupa kwenye rafu, katikati ya visu na miavuli.

Amri ile ilikuwepo kwa sababu ya mama yake Sekela. Mwaka wa kwanza wa Siku ya Kuitika, watu walipotangaziwa kwamba askari waliokufa katika Vita vya Mabwawa wataitwa majina na wataitika kwa sauti zao wenyewe, mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda mlima na kibuyu begani kama mtu anayekwenda kupalilia shamba la mbali. Sekela, msichana bado, alimfuata nyuma. Jina likaitwa: Koplo Ambilikile Mwaisumo. Nguzo ya jiwe yenye matundu madogo ikaitika, "Nipo!" Uwanja mzima ukalia. Kisha sauti ile ile, sauti ya kaka yake ambaye hawakupata hata kiatu chake wazike, ikasema kwa chini, "Nina kiu. Nipeni maji."

Mama hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja, akafungua kibuyu, akamimina maji yote katika yale matundu. Cheche zikaruka, moshi ukatoka, wahandisi wakaja mbio wameshika vichwa. Nguzo ikanyamaza kimya. Mama akabaki amesimama pale na kibuyu kitupu, uso unang'aa kama wa mtu aliyetoka kubatizwa.

"Amenyamaza kwa sababu amekunywa," alisema.

Mwaka uliofuata nguzo ilikuwa imetengenezwa, jina likaitwa, na Ambilikile akaomba maji kana kwamba hajawahi kuyaomba. Mama akasema ni haki yake, mwaka mzima umepita, nani asingeona kiu? Alikufa akiamini kwamba siku ile moja mwanawe alikunywa. Sekela hakuwa na moyo wa kumwambia vinginevyo, na baadaye hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Twende, mwanangu," akasema Mama Lugano, yule bibi wa mkongojo. "Meno yangu yenyewe mawili yanagongana kwa baridi."

*

Fundi Pendael aliwapokea kwenye chumba cha faragha, chini ya Uwanja, ambako ndugu huruhusiwa kusema na marehemu kabla ya gwaride. Alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye koti la bluu lililopauka viwikoni.

"Shikamooni."

"Marahaba, baba," akaitikia Mama Lugano, akaketi kwenye kiti kilekile alichokikalia kila mwaka, kana kwamba kimeandikwa jina lake.

Ukutani palikuwa na kipande cha jiwe chenye matundu, na pembeni yake kioo cha ukubwa wa sahani. Juu ya kioo yalikuwa yanawaka maneno mawili tu, moja kulia na moja kushoto. AENDELEE. APUMZIKE.

"Tangazo mlilipata," Pendael alisema.

"Nililipata," Sekela alisema. "Nataka nilisikie kwa mdomo wa mtu."

Pendael alivuta pumzi. "Mitambo ya zamani inang'olewa. Ile ilikuwa inamwamsha marehemu mara moja kwa mwaka, kisha inamzima. Mipya haizimwi. Akiwashwa leo, anakaa macho. Wanafunzi watakuja, wageni watakuja, watamuuliza habari za vita naye atawajibu. Ndugu akiona haifai, anaweka kidole gumba hapo kwenye 'Apumzike'. Asipoweka popote mpaka gwaride lianze, tunahesabu amekubali aendelee."

"Na kiu yake?"

Fundi aligeukia waya zake.

"Baba Pendael. Kiu yake?"

"Anaamka pale punje yake ilipoishia, mama. Siku zote pale pale."

Jeshi liliwapandikiza askari punje nyuma ya sikio, ndogo kama chembe ya ulezi. Kazi yake ilikuwa kuwajulisha madaktari nani ameumia wapi na fahamu zake zikoje. Ilinakili kila kilichopita kichwani, dakika kwa dakika, na kukituma hospitali ya jeshi, mpaka moyo unaposimama. Hakuna aliyekusudia kuzungumza na wafu. Vita vilipokwisha ndipo mtu mmoja mwerevu alipogundua kwamba ile nakala, ukiitia umeme, inauliza habari za nyumbani. Punje ya Ambilikile iliishia chini ya daraja la Bwawa la Tatu, amelala ametobolewa tumbo, hajanywa maji tangu juzi yake, katika vita vilivyopiganwa kwa sababu ya maji.

"Iondoe hiyo kiu," Sekela alisema. "Mengine yaache. Iondoe hiyo moja."

"Unajua siwezi."

Alijua. Miaka ya nyuma ofisi fulani ilizigusa sauti za marehemu, ikawafanya wamsifu mkubwa mmoja aliyekuwa akigombea. Mama mmoja alimsikia mwanawe akimsifu mtu ambaye enzi za uhai wake alikuwa akimlaani kila akila ugali. Watu waliingia barabarani. Sheria ikapatikana: sauti ya marehemu haiguswi, si neno, si pumzi. Sekela mwenyewe aliandamana siku ile, amebeba bango, ameimba mpaka koo likakauka. Sheria aliyoidai kwa nguvu zake zote ndiyo iliyokuwa imesimama sasa mlangoni kwa kaka yake, na hapakuwa na pa kupenya.

"Lakini ni yeye?" aliuliza. "Wewe unamwamsha kila mwaka. Ni yeye?"

"Mama, mimi ni fundi. Nitakuonyesha umeme unapita wapi. Hilo lingine halipo kwenye waya zangu."

Alikuwa amemuuliza mchungaji pia. Mchungaji alisema roho ya Ambilikile iko mikononi mwa Mungu tangu siku ile ya daraja. Sekela akauliza, sasa huyu anayeomba maji ni nani? Mchungaji akasema, tuombe. Waliomba. Sekela aliendelea kuomba peke yake, asubuhi jikoni, mchana shambani kati ya viazi, na jibu pekee lililomjia lilikuwa dogo na halikumsaidia kuchagua. Lilikuwa hili tu: usimdanganye.

Kwa maana alikuwa akimdanganya. Tangu mama afariki, sauti ya Sekela ilikuwa imeshakomaa na kufanana na ya mama, na Ambilikile alipoamka akiita, "Mama?", yeye alikuwa akijibu, "Ndiyo, mwanangu. Maji yanakuja." Kisha mtambo unazimwa. Dakika chache za uongo kwa mwaka, alifikiri Mungu angeziachilia. Lakini mwaka mzima? Na mwaka unaofuata? Nani angekaa hapa usiku na mchana akisema maji yanakuja?

Akamgeukia Mama Lugano. "Mama, wewe ungefanyaje?"

Bibi alikuwa akiutazama mkongojo wake.

"Usiniulize mimi. Mimi nina choyo."

Sekela aliijua choyo hiyo. Punje hazikutosha kikosi kizima. Ambilikile alipata, Lugano, mwana wa bibi, akakosa. Lakini Lugano alikufa kichwa chake kikiwa juu ya mkono wa Ambilikile, na katika dakika ile ambayo Ambilikile huamka, Lugano alikuwa bado hajafa. Kila mwaka bibi huyu alipanda mlima kutoka Lwangwa, akaketi kwenye kiti hiki, akauliza swali moja, akapata jibu moja. Baada ya hapo alikula, alilala, alilima, hadi mwaka mwingine.

"Kaseti ipo," Pendael alisema taratibu. "Sauti iliyorekodiwa ya miaka iliyopita. Naweza kukupa, bibi."

"Kaseti haijui kama nimemuuliza."

*

Taa ndogo ikawaka katika jiwe. Kulisikika pumzi, fupi fupi, kama za mtu aliyebanwa na kitu kifuani.

"Nani hapo? Mama?"

Sekela alifumba macho. Baba wa mbinguni, nitie nguvu nisimdanganye leo.

"Si mama, Ambi. Ni Sekela."

Kicheko kikavu. "Sekela gani? Sekela yuko shule. Wewe ni nani, na umelijuaje jina la mdogo wangu?"

"Niulize kitu."

Pumzi zikapita kadhaa.

"Chungu cha bibi. Nani alikivunja?"

"Wewe. Ulikipanda ufikie asali darini. Nikachapwa mimi."

"Mbona hukunisema?"

"Uliniahidi baiskeli."

"Nilikuahidi baiskeli," sauti ikasema polepole. "Sijakununulia."

"Hujaninunulia."

"Sauti yako ya kikubwa, Seki. Umefanyaje?"

"Nina wajukuu, Ambi."

Pendael aliinama kutazama vipimo vyake.

"Vita?"

"Viliisha."

"Tulishinda?"

"Siku hizi maji yanagawanywa kwa kukaa mezani. Wa huku wanatia saini, wa ng'ambo wanatia saini."

"Kwa saini," Ambilikile alisema. "Kumbe ilikuwa inawezekana." Kisha, "Na mimi?"

"Ulikufa. Hapo hapo chini ya daraja. Mama naye ametangulia."

Alitegemea kilio. Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu isiyokubali.

"Seki. Kama nilikufa, hii kiu ni ya nani?"

Sekela alimtazama fundi. Fundi alikuwa akitazama viatu vyake.

"Sijui, kaka. Naomba kila siku nijue. Sijui."

"Maana ipo. Ulimi umeshika juu. Siwezi kumeza."

"Nisikilize. Wanataka ukae hivi, usizimwe tena. Watoto waje wakuulize vita vilikuwaje, wasisahau. Au upumzike. Nimeshindwa kukuchagulia. Sema wewe."

"Nikikaa, kiu inakaa?"

"Inakaa."

"Basi niacheni nipumzike. Mungu wangu, niacheni..." Akanyamaza ghafla. "Hapana. Ngoja. Siwezi. Lugano yuko hapa mkononi mwangu."

Nyuma ya Sekela kiti kililia.

"Lugano naye alikufa, Ambi."

"Wewe umejuaje? Mimi ndiye niliyemshika! Anapumua, namsikia. Nilimwambia siondoki mpaka mtu aje kumpokea. Hakuna aliyekuja, Seki. Kutwa nzima hakuna mtu aliyekuja."

Sekela aliweka paji la uso wake kwenye jiwe. Kaka yake alikuwa anakataa kupumzika kwa ajili ya mtu ambaye mifupa yake ilikuwa imeshakuwa udongo, na hakuna ukweli wowote duniani ungemwondolea uzito ule mkononi.

Mkono mwingine ukaja kando ya uso wake, mkono wa kizee, ukagusa jiwe. Mama Lugano alikuwa amesimama bila mkongojo.

"Koplo," alisema.

"Nani?"

"Mimi ni mama yake Lugano."

Mara moja, kama mtoto aliyelelewa vizuri, sauti ikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anapumua?"

"Anapumua."

Hilo ndilo swali, na hilo ndilo jibu. Miaka yote bibi alikuwa akiishia hapo. Sekela alimwona akifumba macho na kulipokea, akikaa nalo kidogo, kama mtu anayeota moto. Kisha akayafumbua.

"Nimekuja kumchukua. Nipe."

"Mzito, mama."

"Nilimbeba tumboni, nikambeba mgongoni. Nipe mwanangu."

"Kichwa kwanza. Taratibu, ana jeraha kushoto. Pitisha mkono wako chini ya shingo... Umempata?"

Mama Lugano alikuwa amekunja mikono yake miwili mbele ya kifua, kana kwamba kuna mtu juu yake. Mabega yalimshuka kwa uzito.

"Nimempata."

"Mpe maji. Yeye kwanza, aliomba kabla yangu."

"Yeye kwanza. Nakuahidi."

Ambilikile alishusha pumzi, ndefu, ya kwanza ndefu ambayo Sekela aliisikia kutoka kwenye jiwe lile.

"Haya, Seki," akasema. "Basi."

Sekela aliweka kidole gumba juu ya neno. Hakujua kama alikuwa anamwachilia kaka yake au anamuua mara ya pili. Alisema tu, kwa midomo, ee Bwana mpokee, na kioo kikabadilika rangi.

Maandishi mapya yakatokea. Aliyasoma. Akayasoma tena.

*Ombi limepokewa. Marehemu ataitika gwarideni kwa mara ya mwisho, kisha nguzo itazimwa.*

"Nini hii? Si amekwisha kupumzika?"

"Ni heshima ya mwisho," Pendael alisema bila kumtazama. "Sheria inataka hivyo. Hakuna askari anayeondolewa kimya kimya. Ataamshwa, ataitwa, ataitika. Mtambo utajizima wenyewe. Amri inatoka makao makuu, mama, si hapa."

"Atakumbuka? Tuliyosema hapa, atakumbuka?"

Miaka yote alijua jibu. Alimuuliza kwa sababu pengine, mara hii moja, lingekuwa jingine.

"Ataanzia pale pale," fundi alisema.

*

Uwanjani ukungu ulikuwa umefika magotini. Bendi ya jeshi ilikuwa imemaliza wimbo. Nguzo zilisimama mistari kwa mistari kama kwaya inayosubiri mkono wa mwalimu. Afisa alikuwa anaita, na baada ya kila jina nguzo moja iliwaka taa na kuitika.

"Sajenti Gwamaka Mwandelile!"

"Nipo!"

"Praiveti Ipyana Kasyupa!"

"Nipo!"

Sekela alikuwa amesimama mbele ya nguzo ya kaka yake, karibu kiasi cha kuigusa. Mama Lugano alikuwa ubavuni pake. Hakuwa ameishusha mikono. Alipanda ngazi zote akiwa ameikunja vile vile, mkongojo ameuacha chumbani, na Sekela alimshika kiuno asianguke.

"Nikimsemesha atanisikia?" bibi alinong'ona.

"Hapa juu nguzo inamsikia afisa peke yake, mama. Sisi haitusikii."

"Koplo Ambilikile Mwaisumo!"

Taa ikawaka.

"Nipo!"

Sauti ilikuwa na nguvu, sauti ya kijana aliyefundishwa kuitika hata akiwa amelala. Watu wakapiga makofi, maana kwenye ubao mkubwa jina lake lilikuwa limewekewa alama ya wanaopumzika. Chini ya makofi, kwa wale waliokuwa karibu tu, sauti iliendelea.

"Na Lugano yupo. Anapumua. Tuna kiu huku. Hakuna mtu aliyekuja kum..."

Taa ikazimika.

Sekela alingoja. Watu hungoja hata wanapojua. Jiwe lilikuwa jiwe.

"Nilikwisha mpokea," Mama Lugano aliiambia nguzo. "Nilikwisha mpokea, mwanangu. Nilikuja." Akarudia kwa sauti zaidi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, lakini afisa alikuwa ameshaita jina jingine, na nguzo nyingine ilikuwa inaitika.

Sekela alijaribu kuomba. Alianza, Baba yetu, na maneno yaliyofuata hayakuja. Alimshika bibi, wakageuka, wakaanza kutembea kuelekea langoni.

Askari aliwaona, akafungua kidirisha cha kibanda chake, akaitoa chupa kwenye rafu.

"Haya, mama. Maji yako. Si nilisema?"

Sekela aliipokea. Aliifungua bila kujua kwa nini, kisha akaona midomo ya Mama Lugano imekauka na kupasuka, akamsogezea chupa mdomoni, maana mikono ya bibi bado ilikuwa imekunjwa.

Bibi aligeuza uso.

"Yeye kwanza," alisema. "Niliahidi."

Askari aligeuka upande wa pili, akajifanya anapanga miavuli.

Sekela aliinamisha chupa taratibu, juu ya kiwiko cha kushoto, mahali ambapo kichwa kingekuwa. Maji yakalowesha kitenge, yakapita katikati ya mikono, yakaanguka chini kwenye udongo mwekundu. Aliendelea kumimina. Nyuma yao, mmoja baada ya mwingine, waliendelea kuitika kwamba wapo.